Bustani za burudani na familia nzima: pesa huokolewa kwenye kalenda

SWALI: Mimi na mume wangu tumekuwa tukidunduliza ili tuwapeleke watoto Walt Disney World na Universal, kule Orlando, Marekani. Watoto ni watatu: wa kwanza ana miaka 11, wa pili ana 7 na kimo chake ni sentimita 118, na kitinda mimba anatimiza 3 mwezi Novemba. Tutakuwa na mama mkwe wangu, ambaye hapandi mchezo wowote wa kasi. Likizo za shule ni Agosti na Desemba. Tukipiga hesabu ya wiki nzima kwenye bustani zote, fedha hazitoshi. Tupunguze wapi bila watoto kurudi wamenyong'onyea? Na je, mama mkwe ni lazima alipiwe kiingilio kila siku?

JIBU: Dada yangu, pesa yenu ikipotea kwenye safari hii haitapotelea kwenye soda na fulana. Itapotea mapema zaidi, mkiwa bado nyumbani, kwenye maamuzi matatu: mnakwenda lini, mnaingia bustanini siku ngapi, na mnachagua bustani zipi. Wazazi wengi huanza na kutafuta tiketi ya bei ya chini. Mimi ningekuomba hilo mliweke karibu na mwisho, kwa sababu punguzo la tiketi ni dogo ukililinganisha na kile ambacho tarehe iliyochaguliwa vizuri inaweza kuwaachia mfukoni.

Tuanze na tarehe. Nendeni Agosti, tena nusu ya pili ya Agosti. Tangu 2018 Walt Disney World inauza tiketi kwa bei inayobadilika kulingana na siku, kama zinavyouzwa tiketi za ndege. Tiketi ya siku moja katika siku tulivu na ileile katika wiki ya Krismasi zimekuwa zikipishana kwa zaidi ya dola 60 kwa kila kichwa. Shule nyingi za Florida, jimbo lilipo jiji la Orlando, hufunguliwa kabla ya katikati ya Agosti, kwa hiyo wenyeji hupungua, na vyumba vya hoteli hushuka bei pamoja nao. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya mambo ni kinyume kabisa: tiketi ghali, chumba ghali, na foleni ndefu kiasi kwamba kwa pesa nyingi zaidi mtoto anapanda michezo michache zaidi. Hapo mtakuwa mmelipa mara mbili kwa kitu kilekile.

Sababu ya pili ya Agosti ni huyo kitinda mimba wenu. Disney na Universal hawatozi kiingilio mtoto ambaye hajatimiza miaka 3. Akienda Agosti anaingia bure. Akienda Desemba analipiwa. Huyo wa miaka 11, kwa upande mwingine, kule Orlando ni mtu mzima: tiketi ya mtoto ni ya miaka 3 hadi 9 tu. Nakutajia ili usije ukapiga hesabu ya watoto wawili ukashtukia baadaye. (Disneyland Paris huyo huyo angehesabiwa mtoto, maana wao wanafika hadi 11. Kila bustani ina mstari wake, na inafaa kuuangalia kabla ya kuangalia bei.) Hata hivyo, tofauti ya tiketi ya mtoto na ya mtu mzima pale Disney World ni ndogo. Tofauti kubwa ni kati ya kulipa na kutolipa kabisa, na ninyi mna bahati ya kuwa nayo kwa miezi michache tu iliyobaki.

Agosti ina mambo yake, na sitaki uyagundue ukishafika. Joto ni kali na la unyevu, mvua ya radi hunyesha alasiri nyingi, na msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30. Kwa hiyo malazi mchukue yale yanayokubali kufutwa bila kupoteza fedha, hata kama bei yake imezidi kidogo. Hiyo nyongeza ilipeni kwa moyo mweupe. Makoti ya mvua yale mepesi nunueni kabla ya safari; ndani ya bustani, mvua ikianza tu, kila mzazi anayatafuta kwa wakati mmoja na bei ni ya humo ndani.

Sasa idadi ya siku, ambako nadhani ndiko hesabu yenu ilikovurugika. Tiketi za siku nyingi zimepangwa kwa namna inayovutia: kadiri unavyoongeza siku, bei ya kila siku inashuka. Ukifika siku ya 5 au ya 6, nyongeza inaonekana ndogo mno, na mtu anajiambia itakuwa upuuzi kuiacha. Lakini siku haiji na tiketi peke yake. Inakuja na usiku mwingine wa malazi, milo ya watu sita, gari la kukodi siku moja zaidi, maegesho ya bustani, na vinywaji na vitu vidogo vya humo ndani. Jumlisha hivyo vyote, halafu ndipo uulize kama siku ya 5 ni rahisi. Na watoto wadogo, siku ya nne mfululizo ya kusimama juani, hawana tena furaha ya kuuziwa. Wanalia, na wazazi wananunua vitu ili wanyamaze.

Ushauri wangu kwenu ni siku 3 za bustani. Tiketi ya siku 3 ya Disney World hutumika ndani ya kipindi cha siku 5, kwa hiyo ingieni siku moja, mpumzike siku moja kwenye bwawa la kuogelea mlipofikia, kisha mwingie tena. Mnapata siku 5 za likizo kwa viingilio vya siku 3. Disney World ina bustani nne. Ningechagua Magic Kingdom, Disney's Hollywood Studios na Animal Kingdom, nikiiacha Epcot, ambayo ni nzuri lakini utamu wake mwingi uko kwenye kutembea, kuonja vyakula na kutazama mabanda ya nchi mbalimbali, mambo ambayo mtoto wa miaka 7 huyachoka haraka.

Na Universal? Ningeiacha kabisa safari hii. Najua hapo mkubwa atanuna, lakini tazama hiyo sentimita 118 uliyoniandikia. Kule Islands of Adventure, mojawapo ya bustani za Universal, treni ya kasi ya VelociCoaster inataka sentimita 130. Treni ya Hagrid na mchezo mkuu wa Harry Potter ndani ya kasri inataka 122. Maana yake mtoto wako wa pili atalipiwa tiketi nzima kisha asimame chini akiwaangalia wenzake, na anayepima kimo pale mlangoni hana ruhusa ya kumhurumia. Subirini akue. Mkienda baadaye wakiwa wote wamepita kipimo, siku moja ya Universal itawapa thamani ambayo mwaka huu siku mbili zisingewapa. Kule Disney kimo hichohicho kinamfungulia karibu kila kitu: Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash ni sentimita 97, Rise of the Resistance ni 102, Space Mountain na Flight of Passage ni 112. Miongoni mwa michezo michache itakayomshinda ni TRON, inayotaka 122. Mpimeni tena akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, na mwambieni mapema kuhusu TRON, nyumbani, akiwa ametulia.

Baada ya hayo matatu, kinachobaki kikubwa ni saa. Unaponunua kiingilio unanunua saa za kucheza, na saa za asubuhi zina thamani kuliko nyingine zote. Hadi 2020 Disney walikuwa na njia ya kupunguza foleni isiyolipiwa, FastPass. Sasa kuna Lightning Lane, na inalipiwa kwa kila mtu kwa kila siku, kwa bei inayopanda siku zenye watu wengi. Kwa familia ya watu watano wanaolipa, hicho ni kiasi cha kutisha. Mbadala wake ni usingizi.

Nieleze asubuhi yenyewe ya Magic Kingdom, maana hii ndiyo bustani inayowakosesha watu muda bila kujua. Maegesho yake hayako mlangoni. Unaacha gari, unapita ukaguzi wa mifuko, kisha unapanda treni ya reli moja au kivuko cha kuvuka ziwa ndipo ufike getini. Familia yenye mtoto mdogo na bibi itumie saa nzima tangu gari liegeshwe hadi tiketi ikaguliwe. Basi kama bustani inafunguliwa saa tatu asubuhi, saa mbili kasoro robo muwe mnaegesha. Chai watoto wanywe garini. Tiketi ziwe zimeshaingizwa kwenye programu ya simu tangu usiku, simu zimejaa chaji, kofia na mafuta ya jua vimeshapakwa na kuvaliwa. Wageni wanaolala hoteli za Disney wenyewe huruhusiwa kuingia nusu saa kabla, kwa hiyo mkiwa mmefikia nje msitegemee kuwa wa kwanza kabisa. Lakini mtakuwa mbele ya umati mkubwa unaoingia saa nne na saa tano baada ya kustaftahi taratibu hotelini. Geti likifunguliwa msisimame kupiga picha mbele ya kasri, kasri halihami. Nendeni moja kwa moja Seven Dwarfs Mine Train, kisha Peter Pan's Flight. Huo wa Peter Pan ni mfupi, hauna kishindo chochote, na bado foleni yake ya mchana hushangaza watu. Mkimaliza hiyo miwili, nendeni Space Mountain. Saa tano na nusu ikifika mtakuwa mmepanda vile ambavyo wenzenu watavilipia ziada au kuvisubiri hadi jioni. Saa saba au nane, jua likiwa utosini na mvua ikinusa, rudini mkalale. Jioni anayetaka atarudi kwa tiketi ileile na risiti ileile ya maegesho.

Kama mtalegeza mkono kununua Lightning Lane siku moja tu, iwe ya Hollywood Studios. Pale michezo inayotakiwa ni michache na kila mtu anaikimbilia. Siku nyingine hazihitaji.

Kuna huduma moja ya bure ambayo familia yenye mtoto mdogo inapaswa kuijua kama inavyojua majina ya watoto wake. Disney wanaiita Rider Switch; Universal wana Child Swap, na Disneyland Paris nao wana utaratibu wa namna hiyo. Mnafika mlangoni pa mchezo wote pamoja na mnamwambia mhudumu kuwa mdogo hafikii kimo. Baba anaingia foleni na watoto wawili wakubwa. Wewe unabaki nje na mdogo, mnakula barafu kivulini. Wakitoka, mnabadilishana: baba anashika mtoto, wewe unaingia kwa njia ya Lightning Lane bila kusubiri foleni upya, na kwa kawaida unaruhusiwa kuongozana na mtoto aliyekwisha kupanda. Kwa hiyo mkubwa wenu atapanda mara mbili kwa foleni moja. Ombeni huduma hii kila mchezo wenye kipimo cha kimo. Wazazi wengi hawaiombi kwa sababu wanadhani ni ya wenye tiketi maalumu.

Chakula ni eneo ambalo Disney wana ukarimu usiotumiwa. Unaruhusiwa kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo vya kulevya, mradi si kwenye chombo cha glasi. Barafu ya vipande iliyo wazi hairuhusiwi, kwa hiyo gandisheni chupa mbili za maji usiku: asubuhi zinapoza mikate na matunda, mchana zimeyeyuka na zinanyweka. Na migahawa ya kaunta inayouza vinywaji vya mashine hutoa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba. Katika joto la Agosti, vikombe vya watu sita kwa siku nzima si fedha kidogo. Mpango unaofaa familia nyingi ni huu: kifungua kinywa mlipofikia, mchana mlicho nacho kwenye mkoba, na mlo mmoja wa kununua ndani, ambao watoto wamechagua wenyewe siku iliyotangulia. Huo mmoja msiunyime. (Safari ya baadaye, mtakapokwenda Universal, kumbukeni kwamba wao ni wakali zaidi: maji ya chupa, vitafunio vidogo na chakula cha mtoto mchanga vinapita, lakini si mlo mzima wa pikiniki.)

Malazi. Mko sita, na chumba cha kawaida cha hoteli hupokea watu wanne. Ukilazimika kuchukua vyumba viwili kwa kila usiku, punguzo lolote ulilopata kwenye tiketi limemezwa. Tafuteni nyumba au fleti ya likizo yenye jiko na mashine ya kufulia. Maeneo ya Kissimmee, jirani na bustani, yamejaa nyumba za namna hiyo. Jiko litawaokolea kila asubuhi, na mashine ya kufulia itapunguza begi moja la ndege. Ila kabla ya kulipa, someni bei ya mwisho, si ile ya kwanza: ada ya usafi, kodi, na kwa hoteli ile ada ya huduma ya kila siku ambayo huchomekwa ukurasa wa mwisho. Ongezeni pia maegesho ya bustani, ambayo yamekuwa karibu dola 30 kwa siku kwa gari dogo. Wanaolala hoteli za Disney hawalipi maegesho hayo, kwa hiyo hoteli ya nje iliyoonekana rahisi kwa dola 20 kwa usiku huenda si rahisi. Na mabasi ya bure ya hoteli za nje yaulizieni ratiba; mengi huondoka mara chache kwa siku, na basi la kwanza likichelewa limewaibia ile asubuhi niliyokueleza.

Kigari cha mtoto chukueni chenu. Mtoto wa miaka 2, na hata wa 7 mchana ukikolea, atakihitaji, na kukodi ndani kwa siku tatu kunaweza kukaribia bei ya kununua kile chepesi cha kukunjwa. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Vigari vile vya kuvuta kama toroli haviruhusiwi.

Zawadi za ukumbusho: mpeni kila mtoto mkubwa kiasi chake mkononi tangu siku ya kwanza, na kikiisha kimeisha. Mtoto anayejua fedha ni zake hutembea na mwanasesere mkononi dukani nusu saa kisha akamrudisha rafuni mwenyewe. Picha nazo msizilipie: wapigapicha wa Disney ukiwapa simu yako watakupigia bila malipo.

Nimefika kwenye tiketi. Nunueni kwa Disney wenyewe au kwa muuzaji aliyeidhinishwa nao. Msiguse kamwe tiketi ya siku nyingi iliyotumika nusu, inayouzwa kando ya barabara au mtandaoni kwa bei ya kutupa. Tiketi haihamishiki kwa mtu mwingine, na getini kila mwenye miaka 3 na kuendelea huweka kidole kwenye mashine inayoihusisha tiketi na aliyeitumia kwanza. Mtageuzwa pale pale, watoto wakiwa wameshaiona kasri. Kumbukeni pia kwamba tiketi hazirudishiwi fedha. Tarehe inaweza kusogezwa kwa kulipa tofauti, basi. Kwa hiyo mzinunue baada ya kuthibitisha ndege na malazi.

Kuhusu mama mkwe: hakuna kiingilio cha wasiopanda. Anayepita geti analipa, apande asipande. Lakini halazimiki kupita geti siku zote tatu. Mnunulieni tiketi ya siku moja, ya Magic Kingdom au ya Animal Kingdom, na muulizeni mwenyewe anataka ipi. Magic Kingdom kuna treni ya mvuke inayozunguka bustani, kuna PeopleMover, vigari vinavyokwenda polepole juu ya eneo la Tomorrowland, na kuna maandamano ya wahusika ambayo anaweza kuyatazama akiwa amekaa. Animal Kingdom kuna gari la kuangalia wanyama, ambalo hurukaruka kidogo barabarani lakini halina kasi. Siku ya Hollywood Studios abaki nyumbani akipumzika, na kama anaridhia abaki na mdogo, ambaye kwa umri wake hampotezi tiketi yoyote kwa kutokwenda. Muulize kwanza kama anaridhia, na muulize ukiwa peke yako naye, kabla watoto hawajasikia. Asiporidhia, mdogo aende nanyi na mtumie ile huduma ya kubadilishana.

Tiketi ya siku moja, ikihesabiwa kwa siku, ni ghali kuliko sehemu yake ndani ya tiketi ya siku 3. Hilo lisiwayumbishe. Linganisheni jumla na jumla: moja kwa bei hiyo bado ni chini sana ya tatu ambazo mbili zake atakuwa amekaa kwenye benchi akilinda mikoba. Siku yake ichagueni katikati ya juma, na muiweke ya kwanza, akiwa bado hajachoshwa na joto.